UZI: Miaka sita ya ngwara shambani na ukanda wa majani mpakani (Karatu). Nilichokosea, nilichopata, na ng'ombe wa jirani

Mzawa_Rhotia:

Wakuu salamu. Huu uzi niliahidi tangu mwaka jana, kuna jamaa kwenye uzi wa mbolea alisema kufunika udongo na mimea ni hadithi za wataalamu wa semina wanaokula posho, nikamwambia subiri nivune nitakuja. Nimevuna, nimekuja.

Shamba langu ni eka tatu na kidogo, Rhotia huku Karatu, mteremko. Mzee alianza kulima hapo enzi za trekta za kukodi, diski kila mwaka, kina kilekile kila mwaka. Ukichimba futi moja kwenda chini unakutana na tabaka gumu kama sakafu ya darasa. Mvua ikinyesha maji hayana pa kuingia, yanateremka na udongo wetu kwenda kwa watu wengine. Wanaoijua Karatu wanayajua makorongo yetu, mengine unaweza kuficha lori.

Ngwara, yale maharage ya kutambaa yanayofunika udongo, haikuanza na mimi. Kuanzia 2004 huku na Arumeru kulikuwa na mradi wa kilimo hifadhi, FAO (shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa) na watafiti wa kituo cha kilimo cha Selian, mashamba darasa, majembe ya kuchana udongo badala ya kuugeuza, na ngwara katikati ya mahindi. Baba alihudhuria, akapewa kofia na mbegu. Kofia aliivaa mpaka ikachanika, ngwara tukaila. Mimi nimerudi shambani baada ya kuchoka na mjini ndio nikaanza upya.

Sasa makosa, maana ndio mnayoyataka.

Mwaka wa kwanza nilipanda ngwara siku moja na mahindi. Msifanye. Ngwara inatambaa, ikipata mti inapanda, na mti wenyewe ni hindi lako. Kufika mwezi wa tano nilikuwa na mahindi yamefungwa kamba yanaangaliana chini. Mke wangu alicheka wiki nzima. Siku hizi nasubiri mahindi yapaliliwe mara ya kwanza, wiki tatu hivi au hata nne, ndio napitisha mstari mmoja wa ngwara katikati ya mistari ya mahindi, mbegu mbili kila shimo. Mahindi yanatangulia, yakianza kukauka ngwara ndio inachukua uwanja. Mwezi wa nane watu wote huku mashamba yao ni vumbi, langu ni kijani na linatoa maua.

Mwaka wa pili nikajaribu mukuna kwenye kipande cha robo eka kwasababu niliambiwa inaua magugu. Inaua kweli! Inaua na mahindi kama hujaikata kwa wakati. Afu vijana wa kibarua waligoma kuingia wakidhani ni upupu. Ni ndugu yake upupu, ila hii ya kupandwa haina yale manyoya ya kuwasha. Tatizo lingine mbegu zake si za kula hivihivi, zina kemikali inayochezea kichwa na tumbo, kwahiyo kwa mtu wa eka tatu anayetaka chakula na mbolea kwa pamoja haimfai. Kama una kipande kimechoka kabisa kimejaa magugu ya sangari, hapo ndio mahali pake.

Ngwara yenyewe inaliwa, majani mboga, punje chakula, na Wakenya wanaifuata mpaka Arusha maana kwao ndio njahi, mama akijifungua lazima apikiwe. Hii ndio sababu sikuchagua mbaazi peke yake. Mnakumbuka 2017 India ilipofunga mlango wa kununua mbaazi, watu wa Babati na huku waliziacha shambani, bei ya kilo haikulipa hata kibarua wa kuvuna. Mbaazi ninazo mistari michache, siwezi kuzitegemea.

Sasa kilichonishinda miaka miwili mfululizo sio mbegu wala wadudu. Ni NG'OMBE. Huku ukishavuna mahindi shamba linakuwa la kijiji kizima, mabua ni malisho ya kila mtu, ndio utaratibu tuliokuta. Sasa mwezi wa nane ukiwa na shamba pekee la kijani kwenye kitongoji umeandika kwa herufi kubwa KARIBUNI. Mwaka wa kwanza ng'ombe na mbuzi walimaliza ngwara kwa siku mbili, mwaka wa pili nililala shambani na tochi, bado waliingia mchana nikiwa msibani.

Nikaenda kwa mzee mwenye ng'ombe wengi, sio kugombana, kuongea tu. Akaniambia neno moja, mwanangu ng'ombe hasomi barua ya kijiji, anafuata majani, mimi nimpe nini mwezi wa tisa? Nikakosa jibu. Nikarudi nyumbani nikifikiria.

Ndio ukanda wa mpakani ulipozaliwa. Upande wa chini wa shamba, unaokinga maji, na upande mmoja wa njia ya mifugo, nikaacha mita mbili. Mstari wa matete na guatemala, yote majani marefu ya malisho, kwenye tuta, nje yake alizeti pori, ile yenye maua ya njano inayoota barabarani, na katikati nikaacha chochote kijiotee. Makubaliano na mzee: majani ya ukanda ni yake, anakata kwa panga anapeleka zizini kuanzia mwezi wa saba, na yeye ndiye anayewazuia vijana wa kuchunga mpaka nimalize kuvuna ngwara. Hatujaandikiana. Mwaka wa nne huu.

Kwahiyo mtu akiniuliza ukanda wa mpakani unasaidia nini, jibu langu la kwanza sio udongo wala ndege. Unanunua amani. Ngwara bila malisho mengine pembeni haivuki mwezi wa tisa huku kwetu.

Mengine yalikuja yenyewe, sikuyaita. Nyuki kwanza, alizeti pori ikitoa maua na ngwara ikitoa maua kunakuwa na mvumo asubuhi, pamoja na yale madudu meusi makubwa yanayotoboa mbao za paa. Maboga yangu yanayotambaa pembeni yanashika vizuri kuliko zamani. Halafu kanga, kware, kalunguyeye nimemuona mara mbili usiku. Na miezi ya kwanza ya mwaka wale ndege weupe wakubwa wa mabawa meusi wanaotoka Ulaya kukimbia baridi, wanatembea shambani kama maafisa wanakagua, wanaokota viwavi na panzi. Mke wangu anasema tangu tuweke ukanda korongo la maji limepungua na korongo la ndege limeongezeka.

Udongo: mwaka huu nimechimba tena palepale, tabaka gumu bado lipo ila mizizi ya ngwara imelipasua, jembe linaingia. Mahindi nilikuwa natoka na gunia sita saba kwa eka, misimu miwili iliyopita nimepata kumi na kumi na moja, na mbolea ya dukani nimepunguza sijaacha. Msije mkasema nimesema ngwara inatosha peke yake, sijasema.

Karibuni maswali.

---

dogo_wa_shamba: Nimekaa paleee mbele kabisa na daftari.

---

Hesabu_Kwanza:

Mkuu hongera ila mimi ni mtu wa hesabu. Eka moja ukiichora mraba ni kama mita 64 kila upande. Ukiacha mita mbili pande zote nne umetoa karibu mita za mraba 490, hiyo ni zaidi ya asilimia 12 ya shamba. Mimi nina nusu eka Meru, kwangu itakuwa asilimia 17. Yaani gunia moja katika kila sita nimewapa kware na kalunguyeye! Nyie wenye eka tatu mnaweza kufanya mapambo, sisi wa nusu eka tunapanda mpaka ukutani mwa choo.

---

Mzawa_Rhotia:

Hesabu zako ni sahihi na ndio maana sikuweka pande nne. Nimeweka pande mbili tu. Upande wa juu kuna mikaratusi ya jirani, mita nne za kwanza mahindi yalikuwa yanatoka kama vitunguu, huko niliacha ijiotee, sikupoteza kitu. Upande wa nne ni njia nyingine.

Kwa nusu eka ningekuwa wewe nisingeweka mita mbili. Ningeweka mstari mmoja tu wa matete au guatemala upande unaokinga maji, nusu mita, nakata kila mara kwa ng'ombe wako wa ndani. Kama unafuga ng'ombe hata mmoja wa maziwa, hayo majani unayaokota barabarani kila siku kwa miguu au unayanunua. Yaweke kwenye hesabu upande wa mapato, usiyaache upande wa hasara peke yake.

---

Hesabu_Kwanza: Ninao wawili. Na majani nanunua ya bodaboda kila siku ya Mungu. Haya, umenipata kidogo. Narudi na kalkuleta.

---

Mluguru_halisi:

Mzawa nikuulize kitu kinachonikera. PANYA. Mimi niko Morogoro, huku panya shamba ni janga, kuna miaka unapanda leo kesho mashimo matupu, wamefukua kila mbegu. SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Sokoine, wana kituo kizima cha utafiti wa panya, na kitu wanachosema kila siku ni kwamba huyu panya wetu anajificha na kuzaliana kwenye mapori na mashamba yaliyoachwa, jike mmoja anatoa watoto kumi na zaidi kwa mkupuo, mvua za vuli zikiwa nzuri ujue masika utalia. Sasa wewe unaniambia niwajengee gesti hausi pembeni ya shamba?

---

Mzawa_Rhotia:

Hili swali nalikubali na sina jibu la kukufurahisha. Mwaka wa kwanza wa ukanda panya waliongezeka, mita tano za mahindi zinazopakana na majani zilifukuliwa, nikarudia kupanda. Ninachofanya sasa ni hivi, wiki mbili kabla ya kupanda ukanda wote unakatwa chini kabisa, majani yanaenda zizini au yanatandazwa shambani, panya anabaki hana kivuli. Mwewe na bundi wanamuona. Mahindi yakishafika magotini ndio naacha majani yapande tena.

Pia nimesimamisha nguzo tatu zenye mti wa kukatiza juu, kama herufi T, bundi wanakaa hapo usiku. Chini ya nguzo nakuta vile vidonge vyao vya manyoya na mifupa, ukipasua unaona mafuvu ya panya yamo humo. Ila ukiwa na bundi acha sumu ya panya, maana panya aliyekula sumu anatembea kama mlevi, bundi anamkamata yeye kwanza, na bundi anakufa.

Lakini kwa mwaka wa mlipuko kama wenu wa Moro, wapo panya wengi kuliko matumbo ya bundi. Sitakudanganya.

---

Mama_Kijacho: Hapo kwenye bundi mmeniacha. Huku kwetu bundi akitua kwenye nguzo yako wewe ndio unakuwa mada ya kikao cha ukoo 😂

---

Mzawa_Rhotia: Nilishaitwa tayari. Baba mdogo alikuja na watu watatu kuniuliza zile nguzo ni za nini na kwanini nimeziweka usiku. Niliziweka jioni, kibarua alichelewa! Nikawapasulia kidonge kimoja mbele yao wakaona meno ya panya. Wawili walielewa. Baba mdogo mpaka leo hapiti njia ile.

---

Songea_Boy:

Mmesahau marejea, mmea wa kurutubisha udongo. Wazee wa Ruvuma mtanisaidia, wamonaki wa Peramiho waliisambaza sana miaka ya themanini, padri mmoja Gerold Rupper ndiye aliyeisimamia, kila kijiji kilikuwa na marejea. Bibi yangu alikuwa anaipanda shamba likichoka, inasimama wima haipandi mahindi kama hiyo ngwara yenu, maua ya njano nyuki wanaipenda mno, ikifika kutoa maua unaifyeka unaiacha palepale. Na mabua yake alikuwa anayaweka chini ghalani anasema yanafukuza wadudu. Ilififia ilipokuja mbolea ya ruzuku, kila mtu akaona ya nini kuhangaika na kufyeka wakati mfuko upo. Sasa mfuko umepanda bei watu wanauliza mbegu iko wapi, na mbegu haipo.

---

Nyar_Busia:

Hiyo marejea nimegoogle picha, hiyo ni mito yetu! Huku Western Kenya tunakula majani, chungu kiasi, unachanganya na mboga zingine na maziwa. Hatukujua mnaitumia kwa mbolea, sisi tunaitumia kwa ugali haha.

Na huku sisi tuko na ile ya vuta sukuma, ilitoka Mbita kwa watu wa ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu, Profesa Zeyaur Khan na wenzake. Hapo katikati ya mahindi unaweka desmodiamu, mmea wa kutambaa jamii ya maharage, inatoa harufu ule nondo mama wa funza wa mabua haipendi, anasukumwa nje. Pembeni unazungusha napia, hiyo ndiyo matete yenu, harufu yake inamvuta anataga mayai huko, funza wakitoboa napia inatoa utomvu unawanata wengi wanakufa. Na kitu kubwa zaidi kwetu ni kayongo, gugu la kunyonya mizizi ya mahindi, nyinyi mnaita kiduha sijui. Mizizi ya desmodiamu inadanganya mbegu ya kayongo iote wakati haina mahindi ya kushika, inakufa yenyewe. Shamba ya mama yangu ilikuwa zambarau yote ya maua ya kayongo, saa hii unatafuta moja hupati. Hata hawa viwavi wapya wa kutoka Amerika wako chini kwake kuliko kwa majirani, sio eti hawako, wako chini.

Ubaya: mbegu ya desmodiamu ni ndogo kama vumbi na bei yake ni dhahabu. Omba jirani vipando, kata shina weka kwa udongo wakati wa mvua, inashika. Na napia huku iliingiwa na ugonjwa wa kudumaa, inabaki fupi ya manjano, kwa hivyo wengi wamehamia brakiaria, majani mengine ya malisho, kwa pembeni. Ng'ombe wanaipenda kushinda napia.

---

Mzawa_Rhotia: Asante dada. Kiduha huku juu kwetu hatuna ila Kanda ya Ziwa wakikusoma watakutafuta. Hilo la matete kudumaa sijaliona bado, nitakuwa macho. Hiyo brakiaria inakaa kwenye baridi? Huku juu usiku tunavaa makoti.

---

Nyar_Busia: Baridi sana inalemaa. Kaa na guatemala yako.

---

kibarua_msomi:

Mwenye uzi umeandika mambo ya ndege na nyuki vizuri ila nisaidie kitu kimoja, palizi. Sisi tunaoshika jembe ndio tunaojua. Shamba lenye ngwara katikati kupalilia ni mateso, huwezi kutembeza jembe la ng'ombe, lazima mkono, na mkono ni hela.

---

Mzawa_Rhotia:

Kweli palizi ya kwanza naifanya kabla ya ngwara, kawaida tu na jembe la ng'ombe. Ya pili ni ya mkono na ndio inauma. Ya tatu ambayo zamani nilikuwa naifanya sasa haipo, ngwara inafunika, magugu hayapati jua. Mwaka wa kwanza na wa pili gharama ilipanda, nilitaka kuacha. Kuanzia wa tatu ikashuka maana mbegu za magugu zilipungua. Mtu akikwambia kilimo hifadhi hakina kazi muulize kama ameshika jembe au kipaza sauti.

---

Mto_wa_Mbu_Finest:

Sisi tuliopakana na hifadhi tunafanyaje? Mnaongelea kware na kalunguyeye kama vile wanyama wote wana ukubwa wa sufuria. Huku kwetu tukiacha kijani mwezi wa nane anayekuja hana kilo mbili, ana tani nne. Tembo. Ndugu yangu alipoteza migomba yote na mahindi kwa usiku mmoja, kifuta jasho cha serikali alichosubiri hakikununua hata mbegu za kuanzia.

---

Mzawa_Rhotia:

Pole sana kwa ndugu yako. Na hapa niseme wazi, ukanda wangu haufai kila mahali. Kuna mashamba huku Karatu yanayogusa msitu wa Ngorongoro, tembo na nyati wanatoka, nguruwe pori ndio usiseme. Huko ukanda wa majani marefu unamficha nguruwe mpaka anafika kwenye mahindi yako. Hao jamaa wanasafisha mpaka kabisa ubaki wazi, na ngwara wanaweka mbali na upande wa msitu.

---

Taita_Mwenyewe:

Salamu kutoka Voi. Kwetu Sagalla, pembeni ya Tsavo Mashariki, kuna fensi za mizinga ya nyuki, alizianzisha Dkt. Lucy King na watu wa shirika la Save the Elephants. Unatundika mizinga kila baada ya mita kumi hivi, mmoja wa kweli mmoja wa bandia, unaiunganisha yote kwa waya. Ndovu akisukuma waya mizinga inayumba, nyuki wanatoka, na ndovu anaogopa nyuki, wanamuuma ndani ya mkonga na machoni. Wengi wanageuka. Sio wote, mwaka wa ukame mkali mizinga inakuwa mitupu, nyuki wamehama, na ndovu ana njaa, hapo anapita tu. Ndio mjue uhusiano na hiyo ngwara: nyuki anahitaji maua karibu ili akae kwa mzinga. Wenye wamepanda alizeti na vitu vya maua ndani ya fensi mizinga yao haikai tupu.

---

Mto_wa_Mbu_Finest: Hii nimeielewa kuliko semina zote nilizohudhuria. Na asali unauza.

---

Taita_Mwenyewe: Asali iko, ila usianze na ndoto ya asali. Anza na ndoto ya kulala usiku.

---

Mzee_wa_Matombo:

Vijana nawasoma kimyakimya. Niwaambie kwanini sisi wa Uluguru tukisikia neno matuta tunakunja uso. Mkoloni alitulazimisha kuchimba matuta milimani, kila mwenye nyumba siku kadhaa kwa wiki, asiyechimba faini. 1955 hapa Matombo watu walikataa, ikawa vurugu, polisi wakapiga risasi, mtu akafa, na mpango wenyewe ukafa. Usambara nao walikuwa na wa kwao, ukaisha hivyohivyo. Udongo wetu ni mwepesi, ukiuchimba tuta unatoa udongo mbaya wa chini unauweka juu, mahindi hayaoti, babu zetu waliliona hilo mapema kuliko bwana shamba.

Kwahiyo Mzawa nimependa kwamba mpaka wako ulitokana na maongezi na mwenye ng'ombe. Huku sisi mpaka wa shamba ni masale au mti ambao babu alipanda, na hautaki semina.

---

Mzawa_Rhotia: Shikamoo mzee. Hii sikuijua kwa undani huu, asante. Na mimi tuta langu ni dogo, udongo wa juu tu ndio nilioutupa upande wa juu, sikuchimba chini.

---

Mpaka_Mpaka:

Swali la kisheria kidogo. Ukiacha mita mbili zenye majani, jirani hasogei? Mimi jirani yangu kila msimu anasogeza jembe mpini mmoja, kwa miaka kumi ameshakula mistari mitatu. Nikiacha majani si nitakuwa nimemtangazia kwamba hapana mwenyewe?

---

Mzawa_Rhotia:

Hilo lipo sana. Mimi kabla sijaacha majani tulipanda minyaa na mkonge kwenye mstari wa mpaka wenyewe, jirani yupo, balozi yupo, wazee wawili wapo, tukapiga picha kwa simu. Majani yako NDANI ya huo mstari. Ukianza na majani halafu ndio utafute mpaka, umechelewa. Na kwa huyo aliyekula mistari mitatu, kaa naye kwanza mbele ya wazee, majani baadaye.

---

bibi_shamba:

Nyongeza ya mama wa Babati. Ngwara ikianza maua msipige dawa hovyo. Vidukari wanaivamia kweli na wale funza wa kwenye maganda, ukipiga asubuhi nyuki wako kazini umewaua wote, na maganda hayashiki. Piga jioni jua likishazama na piga sehemu iliyovamiwa tu. Na mbegu msinunue ile ya sokoni iliyohifadhiwa na dawa mkafikiri mtaila ikibaki, nunueni kwa mkulima mwenzenu au ulizeni kituo cha utafiti cha TARI Selian. Mimi nachagua mwenyewe, zile zinazotangulia kukomaa.

---

dogo_wa_shamba: Mzawa huyo mzee wa ng'ombe akihama je? Au akifa Mungu apishe mbali. Mkataba wenu uko kichwani tu.

---

Mzawa_Rhotia: Swali zuri sana dogo na linaniuma. Sijui kijana wake atakuwaje, yule anapenda zaidi pikipiki kuliko ng'ombe. Nitaleta mrejesho.

---

Mzawa_Rhotia (mrejesho, baada ya miezi minne):

Wakuu wengi mmeniuliza inboksi, nijibu hapa mara moja.

Mzee alilazwa mwezi wa nane, alikuwa hospitali wiki tatu, yuko nyumbani sasa anaendelea vizuri. Kwa muda huo kijana wake alimwachia mchungaji wa kuajiriwa kutoka mbali ambaye hajui makubaliano yoyote. Siku ya nne ng'ombe waliingia. Walikula kama eka moja ya ngwara, upande ambao hauna ukanda, ule wa juu. Upande wa majani hawakupita, walisimama wakala matete na mchungaji akawageuza hapo. Mimi nilikuwa Karatu mjini.

Nilienda na hasira zangu zote. Nikamkuta mzee kitandani amekonda, hasira zikaisha mlangoni. Akamwita kijana wake, akamwambia mbele yangu atanilipa debe mbili za ngwara na kuanzia sasa makubaliano ni ya boma, sio ya mtu. Debe mbili hazifiki hasara yangu, nilipokea. Kijana ameomba vipande vya guatemala apande kwao kwenye korongo, nimempa mafungu kumi na mawili, nimemwambia mvua za kwanza zikinyesha, vipande vyenye vifundo vitatu, viwili chini ya udongo kimoja juu, hatua moja kati ya shina na shina.

Na mimi nimeamua upande wa juu kwenye mikaratusi naweka mstari mwingine mwaka huu. Hesabu_Kwanza usinipigie kelele, ni mita moja tu.

---

Hesabu_Kwanza: Sipigi. Nimepanda mistari miwili mwezi uliopita na boda wa majani ameshaniuliza kama nimehama mtaa.